Mkate wa Wageni wa Saa Tano

Asubuhi ile ya Jumapili, mwishoni mwa Machi mwaka 1998, Ameir bin Khatib alikanda unga kwa nguvu ambazo hakuwa nazo hata alipokuwa kijana. Watu wa mtaa wake pale Hounslow, karibu na uwanja wa ndege wa London, wanasema mpaka leo kwamba meza ya jikoni ilihama yenyewe kutoka ukutani ikafika mlangoni, na kwamba paka wa jirani, mnyama wa Kiingereza asiye na dini yoyote, alikaa dirishani akafunga siku nzima kwa heshima ya nyama iliyokuwa ikikaangwa. Mimi sisemi kwamba ni kweli. Nasema tu kwamba paka mwenyewe hajakanusha.

Mtu hakandi unga hivyo kwa njaa. Saa tano ya asubuhi ile Nasim alikuwa anakuja nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, na alikuwa anakuja na kaka yake.

Ameir alikuwa na miaka sitini. Alizaliwa Unguja, na miaka ishirini na sita sasa alikuwa Uingereza. Ishirini na minne kati ya hiyo aliimaliza katika jiko kubwa lililopikia abiria wa ndege, yeye upande wa mikate. Alistaafu mwezi Disemba. Wenzake walimpa kadi yenye sahihi thelathini na kitabu cha bustani, na yeye bustani hakuwa nayo. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuamka mapema bila sababu, kupika chai ya watu wanne na kunywa kikombe kimoja.

Nasim naye alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Tanga, fundi wa kurekebisha nguo katika duka dogo karibu na stesheni. Ameir alimpenda kwa njia ya suruali. Alipeleka moja ikatwe miguu. Siku alipoifuata, Nasim aliinua macho juu ya miwani, akamtazama kidogo tu, kama mtu anayepima kwa jicho, akasema, "Bwana, wewe mguu mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Hukuambiwa?" Hakuwa ameambiwa na mtu. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtazama kiasi cha kuliona hilo. Mwezi ule akapeleka suruali saba. Wa pili akapeleka kumi na moja, nyingine zikiwa zimekwishakatwa, mpaka Nasim akamwambia, "Nikikata tena hii, utaivaa mikononi." Hapo ndipo walipoanza kunywa chai pamoja.

Sasa kulikuwa na tiketi. Mtoto wa Nasim aliyekuwa Toronto alikuwa amemtumia mama yake tiketi ya kwenda tu, ya Jumatano. Mkewe angejifungua karibuni na alimtaka bibi wa mtoto ahamie huko moja kwa moja. Nasim alisema kuna mtu. Ndipo kaka yake, Alnashir, mpima macho wa Kingsbury, upande mwingine wa London, mtu wa tai hata siku za mapumziko, akasema: "Nitakwenda kumwona huyo mtu kwake. Jumapili, saa tano. Nikiridhika, nitazungumza na Toronto mwenyewe. Nisiporidhika, utapanda ndege, na habari itaishia hapo."

Ndiyo maana meza ikahama.

Mkate aliouchagua alifundishwa na mzee mmoja wa Napoli aliyefanya naye kazi miaka ya nyuma. Ni mkate wa kuviringisha, ndani nyama na jibini, huokwa katika chombo cha duara chenye tundu katikati, na huliwa asubuhi iliyokwisha komaa, wakati kifungua kinywa kimepita na chakula cha mchana hakijafika. Yule mzee alitia nguruwe. Ameir akamtoa nguruwe bila kesi, akaweka kima ya ng'ombe, vitunguu, thomu, bizari nzima, pilipili manga na ndimu ya kutosha. Kima alikwisha ikaanga na kuiacha ipoe, kwa sababu nyama ya moto huua hamira na kuyeyusha jibini kabla ya saa yake. Jibini alikwisha ikwaruza, kilima kizima. Unga ulikuwa umeumuka mara ya kwanza chini ya kitambaa. Akatazama saa ya ukutani. Saa saba. Akatoa tatu, ikabaki saa nne. Akatabasamu. Alikuwa na saa nzima ya kuviringisha, kuutia mkate ndani ya jiko utoke wageni wakinywa chai, kuoga, na kuvaa ile suruali aliyoikata Nasim vizuri kuliko zote.

Kengele ya mlango ikalia.

"Posta Jumapili?" akajiuliza, akaenda kufungua vilevile alivyo: msuli kiunoni, fulana, na unga mpaka viwikoni.

Mlangoni alisimama Alnashir, suti ya kijivu, boksi la mithai, vile vitamu vya Kihindi, mkononi. Nyuma yake Nasim, shalwari ya kijani, mtandio begani. Nasim alimwona Ameir na fulana yake, akauma mdomo ili asicheke, na macho yao yakakutana juu ya bega la kaka mtu. Lilikuwa tazamo moja dogo, na Ameir akaficha mikono yake ya unga mgongoni.

"Asalaam alaykum," alisema Alnashir, akimtazama kutoka juu hadi chini bila kupata njiani kitu cha kumfurahisha.

"Wa alaykum salaam! Karibuni, karibuni ndani. Mmewahi sana, lakini mgeni kuwahi ni baraka."

"Tumewahi?"

"Saa nzima. Si neno, bwana, si neno. Piteni."

"Bwana Ameir, tulikubaliana saa tano."

"Naam. Saa tano."

"Sasa ni saa tano na dakika mbili. Hizo mbili nilikuwa natafuta paking."

"Haiwezekani. Saa yangu haijanidanganya hata siku moja."

"Naomba niione."

Wakaingia jikoni wote watatu. Alnashir akainua uso, akatazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi mwake, akavua miwani akaipangusa, kazi yake ile.

"Hii inasema saa saba mchana."

"Ehe. Hiyo ni ya Unguja. Unatoa tatu tu."

"Unatoa tatu wakati wa baridi," alisema Alnashir polepole, kama anayemsomea mgonjwa herufi za ukutani. "Usiku wa kuamkia leo saa za nchi hii zimesogezwa mbele. Tangu alfajiri unatoa mbili."

Ameir akaigeukia tena saa yake. Miaka ishirini na minne msimamizi wa jiko alikuwa akibandika tangazo mlangoni: wiki hii saa mbele, wiki hii saa nyuma. Hii ilikuwa Machi yake ya kwanza bila msimamizi, na bila mtu mwingine yeyote wa kumwambia.

"Kaka, si jambo kubwa," alisema Nasim. "Mkate utachelewa kidogo. Tutakaa. Mimi hata njaa sina."

"Una njaa. Nimekusikia tumbo garini." Alnashir akavuta kiti, akakipangusa unga kwa leso, akakaa. "Na ni jambo kubwa. Mtu ana miaka ishirini na sita hapa. Anakula hapa, analala hapa, baridi inampiga hapa, lakini jikoni kwake ni mchana wa Unguja. Nasim, marehemu mumeo alikuwa nani?"

"Kaka, tafadhali."

"Alikuwa mtu wa masanduku. Miaka kumi na nane masanduku yamefungwa sebuleni, kesho tunarudi Tanga, kesho tunarudi Tanga. Ulikuwa unapangusa vumbi juu ya masanduku. Leo unataka kupangusa saa?"

Nasim akatazama sakafu. Ameir akajibu kwa mikono. Akausukuma unga juu ya meza mpaka ukawa kama mkeka, akatandaza kima, akanyunyiza jibini, tena kwa ukarimu uliopita kiasi, nyingine ikaanguka sakafuni.

"Na leo nani anakusemea?" aliuliza Alnashir. "Mtu hajiposei mwenyewe. Wazee wako wako wapi?"

"Alikuwa aje Lambert, jirani wa juu, mtu wa Kongo. Anatunza wazee katika nyumba moja ya huko Peckham. Wamempigia simu alfajiri, mwenzake anaumwa, imebidi aende."

"Kwa hiyo huna mtu."

"Leo sina."

"Anaye!" Nasim aliinua uso ghafla, na sasa macho yake yalikuwa yakiwaka. "Kaka, hiyo saa unayoicheka ni ya mama yake. Ameir ameiweka ili ajue saa ngapi ampigie asimkatishe sala. Kila Ijumaa wanazungumza. Na mimi mama ananijua! Kila wiki naletewa salamu zake. Ameniambia nisishone penye taa hafifu. Aliposikia nakohoa akaniambia nichemshe tangawizi na karafuu. Alisema kijani kinanipendeza, na hajawahi kuniona, kasikia tu kwa mwanawe. Nimemfumia shali, Ameir akampelekea. Kuna mzee gani zaidi ya huyo?"

Uso wa Alnashir, kwa mara ya kwanza tangu aingie, ukalegea kidogo. "Mama yu hai?"

"Yu hai, ana miaka themanini na saba, na ana akili kuliko wewe," alisema Nasim.

"Hilo ni jambo jingine." Akafungua kifungo cha koti. "Basi apigiwe simu. Kwao saa hizi ni mchana, kama ukuta unavyotangaza. Nitazungumza naye mwenyewe. Kwetu Tanga mzazi akizungumza, sisi wengine tunafyata ulimi."

Mikono ya Ameir ikasimama juu ya unga.

"Nimalize kwanza kuviringisha," alisema. "Huu ukiachwa wazi hukauka."

"Viringisha."

Akauviringisha. Sijapata kusikia mkate ulioviringishwa taratibu namna ile. Kobe angepita, akaenda dukani, akarudi. Akaubana kingo, akauzungusha ndani ya chombo, akaunganisha kichwa na mkia, akapaka ute wa yai, akanyunyiza habasoda punje moja moja.

"Sasa simu," alisema Alnashir.

"Sasa lazima uumuke mara ya pili. Nusu saa. Na wakati unaumuka hautaki kelele."

"Simu ni kelele?"

"Mama anasema kwa sauti kubwa. Masikio yake mazito."

Nasim akacheka, akamwonea huruma akidhani ni aibu ya mtu mzima anayeposewa na mama yake. Wakanywa chai. Ameir akawajaza hadithi: jinsi alivyowahi kumkosea sultani mmoja mkate, jinsi tanuri la kazini lilivyolipuka likamrusha hadi idara ya matunda. Alnashir alicheka mara moja, akajikamata. Ilipotimia nusu saa mkate ulikuwa umejaa chombo, laini, ukitetemeka ukiguswa. Ameir akautia ndani ya jiko, akafunga mlango wake, akabaki ameinama pale kana kwamba anatazama ndani.

"Dakika arobaini," alisema.

"Zinatosha kuongea na Unguja na Pemba," alisema Alnashir, akaitazama saa yake. "Bwana Ameir, mimi paking yangu ina mwisho."

"Mikono yako ina mafuta, Ameir, kaa tu," alisema Nasim. "Mimi nitabonyeza. Kadi za simu unaweka wapi? Droo hii?"

"Nasim, acha—"

Lakini alikwisha kuivuta.

Droo ilikuwa imejaa. Kadi za simu, zile za kukwangua nyuma upate nambari, zimefungwa safu kwa safu kwa uzi kama karata, picha za simba, picha za minazi, picha za wasichana wanaotabasamu na simu sikioni. Nasim akachukua moja, akaigeuza. Akachukua nyingine. Akafungua safu ya tatu.

"Hazijakwanguliwa," alisema.

Jiko lilikuwa likitoa ule mlio wake mdogo wa chuma kinachopata moto.

"Ameir. Hakuna hata moja iliyokwanguliwa. Unampigia kwa kadi gani basi?"

Ameir alikuwa bado ameinama, amewapa mgongo.

"Simpigii," alisema.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Mwezi wa Rajabu." Akanyooka, lakini hakugeuka. "Walinipigia kazini. Nilikuwa nakanda. Wakaniambia, Ameir, tumeshamzika jana. Nikasema ahsanteni. Nikarudi nikakanda mpaka zamu ikaisha, mikate mia nne, na sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Ijumaa ikafika nikanunua kadi, nimezoea. Nikafika nyumbani ndipo nikakumbuka. Ijumaa ya pili nikanunua tena."

"Ulikuwa hujaenda kumwona tangu lini?" aliuliza Alnashir, na sauti yake haikuwa kali.

"Nilikuwa niende mwaka unaofuata. Kila mwaka nilikuwa niende mwaka unaofuata."

Nasim alikuwa amekaa. Kadi bado mkononi.

"Na shali yangu?"

Ameir akatoka jikoni, akarudi na kifurushi katika karatasi ya duka, kimefungwa kwa utepe uleule alioufunga Nasim. Akakiweka mezani, mbali na unga.

"Miezi minne niliifuma hii," alisema Nasim. "Niliifuma nikizungumza naye. Nikimwambia, mama, mwanao anapenda chumvi sana, nitampunguzia. Mama, mimi nami ni mtu mzima, usinicheke. Nilikuwa nazungumza na nani, Ameir?"

Alnashir alisimama, akafunga kifungo cha koti. Hakugomba, na hapo ndipo Ameir alipoogopa. "Mtu anayemfanya marehemu mzazi wake kuwa tarishi," alisema, "sijui nimwambie nini Toronto juu yake. Twende, Nasim."

"Tangulia."

"Nasim."

"Tangulia garini, kaka. Nina miaka hamsini na minne. Ngazi nitashuka mwenyewe."

Viatu vya Alnashir vikashuka ngazi, moja moja. Mlango wa chini ukafungwa.

Wakabaki wawili. Harufu ya mkate ilianza kutoka, kwanza hamira, kisha bizari, kisha jibini ikishika ukoko, ile harufu inayomfanya mtu aliye peke yake ajione yuko peke yake zaidi. Nasim alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ameir alisimama karibu na jiko, mikono haijui pa kukaa.

"Niambie kitu kimoja," alisema Nasim. "Na usinitungie. Najua unavyotunga. Ile ya taa hafifu. Nani aliisema?"

"Mimi."

"Tangawizi na karafuu?"

"Mimi."

"Na kwamba kijani kinanipendeza."

Ameir aliinua macho. Shalwari ya kijani. Nasim aliivaa leo, kwa ajili ya neno la mama mkwe. "Mimi," alisema. "Nilikuwa nakuona dirishani dukani, umevaa ile blauzi yako ya kijani. Nilipita mara sita."

"Mara sita! Kwa nini hukuingia ukaniambia?"

"Niliona aibu. Mtu wa umri wangu. Nikisema mimi, utasema mzee huyu kachanganyikiwa. Akisema mama, ni salamu tu."

"Mwaka mzima umenipenda kwa kinywa cha mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Nami nikampenda mama yako." Alicheka kidogo, na machozi yakamwangukia katikati ya kicheko. "Nilikuwa namwambia kaka, nimepata mama tena. Sasa umeniulia wawili kwa mpigo mmoja, Ameir. Mama na wewe, maana wewe sikujui. Huyu anayesimama hapa sijui ananionaje. Hajaniambia hata neno."

Ameir akavuta kiti, akakaa mbele yake. Alipotaka kusema, neno la kwanza lililokuja lilikuwa "Mama anase—", likamfia mdomoni. Akajaribu tena. Alikuwa mtu aliyeweza kuwaeleza watu jinsi tanuri lilivyomrusha hadi idara ya matunda, na sasa maneno matatu ya kweli yalimtoa jasho.

"Usiende," alisema. "Nikirudi hapa jioni naongea na birika. Nakupenda. Sijui kulisema vizuri."

Nasim alimtazama, lile tazamo lake la kupima kwa jicho. Alikuwa hajamaliza kupima, ngazi zikasikika tena.

Alnashir aliingia bila kubisha. Alikuwa amevua viatu mlangoni, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya. Alitembea na soksi zake za kijivu mpaka mbele ya Ameir, akasimama, akanyoosha mkono.

"Nimefika hadi garini," alisema, "nikatia ufunguo, nikajiuliza: huyu mtu nani amempa mkono? Miaka mitatu. Nani alikuja hapa akakaa naye?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hawakujua."

"Basi pole, ndugu yangu. Pole kwa msiba."

Ameir akautazama ule mkono. Alipoushika, kitu kilichokuwa kimekandwa na kukandwa miaka mitatu kikaumuka kwa mara moja, akalia. Alilia kama wanavyolia watu wazima, kwa mabega, bila sauti, na Alnashir, mtu wa tai, akamshikilia hapo hapo na unga wote ukamhamia kwenye suti. Nasim naye akasimama, akaenda mpaka kwa Ameir. "Pole, Ameir," alisema. "Pole sana." Akamshika mkono, akaushika zaidi ya ulivyo mkono wa pole, na kaka mtu akaona vizuri dirishani kwamba mvua inataka kunyesha.

"Tumsomee," alisema Alnashir. "Mama aliitwa nani?"

Ilikuwa miaka mitatu Ameir hajalitamka jina hilo.

"Zuwena," alisema. "Bi Zuwena binti Haji."

Wakainua mikono wote watatu. Walipomaliza, jiko likalia kengele yake. Ameir akautoa mkate, umepasuka upande mmoja, jibini imetiririka ikaganda nje kama nta ya mshumaa, juu mwekundu wa dhahabu. Akataka kuuacha upoe, ndivyo ilivyo kanuni, lakini Alnashir alisema chakula cha hitima hakingoji, akaukata mwenyewe. Wakala kwa mikono, moto vilevile, bila maneno. Alnashir alikula vipande vinne. Wanaosema saba wanamwonea.

"Mkate mzuri," alisema mwishowe. "Lakini nilichojia leo hakizungumzwi. Nyumba hii ina msiba, na kwenye msiba haposi mtu. Kuna arobaini yake."

"Arobaini ilikwisha zamani," alisema Ameir.

"Imeanza leo. Kabla ya leo hapakuwa na matanga." Akageuka kwa dada yake. "Na wewe Jumatano?"

Nasim alikuwa akikusanya makombo kwa kidole, akiyapanga ukingoni mwa sahani.

"Nitakwenda," alisema Nasim. "Mkwe wangu anajifungua, siwezi kumwacha. Na huyu bwana nimeanza kumjua leo, kwa nusu saa. Lakini tiketi ya mwanangu ni ya kwenda tu. Kaka, nikatie ya kurudi. Baada ya siku arobaini."

"Ya kurudi wapi? Kingsbury?"

"London," alisema Nasim. "Nikifika nitajua wapi."

Alnashir akafunga vipande viwili katika karatasi, akasema ni vya mkewe, akashuka. Mlangoni Nasim alisimama ngazi moja chini ya Ameir, na bado akawa anamtazama kama aliye juu.

"Nitakupigia simu kila Ijumaa," alisema. "Nikikuuliza habari, unipe zako. Usiniletee salamu za mtu."

"Sitaleta."

"Na usije uwanjani Jumatano. Watoto wa Alnashir watakuwepo, na mimi nikikuona nitalia, wanja utanichafua. Ndege ni saa nane mchana."

"Zinapita hapa juu, upepo ukiwa wa mashariki."

"Basi usitoke nje. Kuna baridi."

"Sitatoka," alisema Ameir, na huo ukawa uongo wake wa mwisho kwa Nasim, kwa ninavyojua mimi.

Jumatano upepo ulikuwa wa mashariki. Saa saba na nusu mchana Ameir alishuka na kiti cha jikoni, akakiweka barabarani mbele ya nyumba, amevaa koti na ile suruali nzuri. Hakujua ndege ya Toronto ina rangi gani, wala hakutaka kuuliza. Kwa hiyo ilipopita ya kwanza alisimama, akapunga mkono. Ilipopita ya pili akapunga. Jirani mmoja akachungulia pazia, akamwita mkewe. Mtaani wanasema alipungia ndege arobaini na moja mpaka giza likaingia, mvua ikimnyeshea tangu ya kumi. Mimi nasema ni thelathini na tisa, maana mbili zilikuwa za mizigo, na hizo alizitazama tu.